Sehemu ya Pili ya Ripoti

Mwanza,
4 Machi 2024

Mwanangu Farouk,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia simu unaninong'oneza, "Mwalimu, nipo kikaoni." Barua itavumilia mpaka kikao kiishe. Naituma kwa basi la asubuhi, utaipokea kituoni hapo Dodoma.

Sisi huku wazima, ila tumechoka. Mwaka wa tatu nina wanafunzi kumi na mmoja. Mwaka wa kwanza wamekuja wanne. Nyinyi mlipofungua Shahada ya Uhandisi wa Anga mwaka 2017 mlikuwa thelathini na wawili, mkakaa mpaka kwenye ngazi. Bado ninayo nakala ya barua ya ofisi yenu iliyokifanya chuo kianzishe shahada hiyo: "Taifa litahitaji wahandisi arobaini wa setilaiti ndani ya miaka mitano." Imepita saba. Katika thelathini na wawili wale, ofisi yenu ya anga imemwajiri mmoja, nawe unamjua. Rahim anafunga sola Misungwi. Raya anafundisha fizikia sekondari. Nice yuko benki. Sisemi ni kazi mbaya. Nasema hakuna hata mmoja aliyesomea hizo.

Sasa nina ombi. Hawa kumi na mmoja wanatakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo mwezi wa saba. Mwaka jana niliwapeleka kampuni ya simu wakapande minara. Mwaka huu naomba ofisi yenu iwapokee, hata watano. Ni wanafunzi wazuri. Wanachora ramani ya magugu maji kwa picha za setilaiti za nchi za wenzetu, zile zinazotolewa bure, kisha wanaipeleka Kigongo ili manahodha wa kivuko wajue njia imezibwa wapi. Msichana mmoja, Teodora, kwao Sengerema, ndiye anayeongoza. Nahodha humsubiri yeye kabla ya kunywa chai.

Mwezi wa tano tunakaguliwa kwa ajili ya ithibati. Sijui watakuja akina nani. Mzee Gosbert wa maabara anakusalimu. Ameanza kupaka rangi kuta kwa mikono yake.

Mwalimu wako,
Bernadetta Rwehumbiza


Dodoma,
19 Machi 2024

Mwalimu, shikamoo.

Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili. Nisamehe kwa simu. Huku vikao vinazaana. Tuko kwenye mfungo, na mwenyekiti wetu hupenda kuanza kikao saa tisa alasiri, wakati kichwa cha mtu hakina kitu.

Kuhusu wanafunzi, nitajaribu. Watano siwezi kuahidi. Labda wawili.

Mwalimu, naomba unieleze kidogo hali ya idara ilivyo sasa. Vifaa vile vilivyoahidiwa vilifika? Maabara wanaingia saa ngapi kwa wiki? Walimu mmebaki wangapi? Ule mtetemo wa roketi mnaujaribu kwa kutumia nini? Niandikie bila kuficha. Nikiwa na picha kamili huenda nikapata pa kusemea.

Mama yangu anasema ulipita dukani Kirumba ukamsalimu. Asante sana.

Mwanafunzi wako,
Farouk Yahaya


Mwanza,
3 Aprili 2024

Mwanangu Farouk,

Pasaka imepita, na nyinyi Idi iko mlangoni. Nakutakia heri mapema.

Umeniomba nisifiche. Tangu kufa kwa mume wangu hakuna mtu aliyeniuliza hali ya kazi yangu kwa namna hiyo, kwa hiyo nitasema.

Vifaa havikufika. Kila bajeti vinaandikwa, kila bajeti vinafutwa. Walimu tumebaki wawili, na mwenzangu ameshaitwa usaili kwingine. Maabara ni saa mbili kwa wiki, umeme ukiwepo. Kile chumba kisichotakiwa kuwa na vumbi hata chembe kina dirisha lililovunjika, na Gosbert ameliziba kwa mbao. Mtetemo tunaupima kwa meza aliyoiunda yeye kutokana na mota ya mashine ya kusaga mahindi. Inatetema kweli, ila haijui kutetema kidogo. Mwaka jana ilimpasua kidole.

Na hili nakuambia wewe kwa sababu ni wewe. Miaka saba nafundisha setilaiti, mimi mwenyewe sijawahi kugusa setilaiti. Naijua kama padri anavyoijua mbingu. Wapo watoto wanaonitazama kana kwamba nimewahi kufika. Siku nyingine nikitoka darasani nakaa ngazini kwanza, kisha ndiyo naenda nyumbani.

Ofisi inasema, tuleteeni wataalamu ndipo tuwaajiri. Chuo kinasema, tupeni kazi tufanye ndipo tupate wataalamu. Mimi nimesimama katikati na chaki.

Ukipata pa kusemea, sema.

B. Rwehumbiza


Mwanza,
10 Juni 2024

Farouk mwanangu,

Umekaa kimya miezi miwili, najua ni kazi.

Wakaguzi walikuja, watatu, watu wa adabu sana. Walikunywa chai, wakawasikiliza wanafunzi. Teodora akawaonyesha ramani ya magugu, wakapiga makofi. Halafu mmoja wao akasema, kabla sijafungua hata mlango wa maabara, "Mwalimu, tungependa kuiona ile mota ya mashine ya kusaga." Mwingine akaenda moja kwa moja kwenye dirisha lenye mbao. Gosbert alikuwa ameliwekea kabati mbele. Yule bwana alilisogeza kabati kama mtu aliyelizoea.

Walijua kila kitu. Walikuja na majibu, sisi tukawa tunayathibitisha tu.

Walipoondoka nilimkuta Gosbert anarudisha kabati mahali pake. Nikamuuliza, "Gosbert, nani aliwaambia habari za mota?"

Akasema, "Mwalimu, si mimi."

"Basi ni nani? Ilijisema yenyewe?"

"Si mimi, Mwalimu."

Nikamwambia anataka kuharibu kazi aliyoshindwa kuisomea. Nilimwambia hivyo mbele ya wanafunzi, Farouk. Alivua koti lake la maabara, akalikunja, akaliweka juu ya ile meza yake. Kesho yake akaleta barua ya kuomba kustaafu mapema. Wiki iliyopita amerudi kwao Muleba. Miaka kumi na minane tumefanya kazi pamoja.

Najua alikuwa na kinyongo cha kutopandishwa cheo. Lakini sikumdhania kufika huko.

Vipi zile nafasi mbili?

B. R.


Dodoma,
27 Juni 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nimepokea barua yako. Habari njema ni kwamba nafasi mbili zimepatikana. Mlete Teodora na mwingine utakayemchagua. Waripoti tarehe 15 Julai. Malazi nitawatafutia mimi.

Kuhusu Mzee Gosbert, nakuomba usimhukumu haraka. Wakaguzi wana njia nyingi za kupata habari. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu. Sidhani kama ni yeye.

Nisamehe kwa ufupi wa barua. Naitwa kikaoni.

Farouk


Mwanza,
16 Septemba 2024

Farouk Yahaya,

Teodora na Chenge wamerudi. Nilimuuliza Teodora, "Haya, umeiona setilaiti?" Akanijibu, "Mwalimu, kule hakuna setilaiti. Kuna makabati ya majalada. Nimeyapanga kwa herufi." Anasema ulikuwa ukimwona unageuza njia.

Barua ya ithibati imefika Ijumaa. Shahada ya Uhandisi wa Anga imefutwa. Hatutapokea wanafunzi tena, na waliopo watahamishiwa umeme. Kumi na mmoja hawa wanaingia mwaka wa nne. Huko wataanzia wa pili.

Ukurasa wa tatu umeandikwa hivi: "Mhadhiri kiongozi mwenyewe amekiri kuwa hajawahi kugusa setilaiti, na kwamba anaijua kama padri anavyoijua mbingu."

Gosbert hakuwahi kulisikia neno hilo. Sikulisema darasani, wala kanisani. Nililiandika mara moja, tarehe tatu Aprili, kwa mtu mmoja.

Bernadetta Rwehumbiza


Dodoma,
29 Septemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Siku kumi naanza barua hii na kuichana.

Ni mimi. Nilikuwa katibu wa ile kamati ya ukaguzi, ambayo baraza la ithibati liliikabidhi ofisi yetu. Niliteuliwa mwezi wa pili, kabla hujaniandikia. Nilipokuuliza maswali yale nilikuwa nimeshashika kalamu ya ripoti. Niliomba nisije Mwanza na wakaguzi, nikasema nina udhuru wa kifamilia. Udhuru ulikuwa wewe. Sikutaka kukutazama.

Naomba unisikilize mpaka mwisho, kisha ufanye utakavyo.

Ripoti niliiandika sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya upungufu, na humo niliweka kila ulichoniambia; wakaguzi walikuja nayo mkononi. Nilidhani wakiusoma ukweli kama ulivyo, na uchungu wake, wataona aibu. Ndiyo maana nililiweka hata neno lako la padri. Nililiona zuri mno, nikadhani halitampita mtu. Ya pili ilikuwa ya mapendekezo, kurasa sita: chuo kipewe vifaa, ofisi yetu isaini mkataba wa kuwapokea wanafunzi wote kila mwaka, na kila tutakaponunua setilaiti nje, mkataba useme kuwa walimu wawili wa chuo watakaa kiwandani mpaka ikamilike. Jina lako lilikuwa la kwanza.

Siku ya kikao mwenyekiti alisoma sehemu ya kwanza. Alipofika kwenye padri watu wakacheka. Akafunga jalada, akasema, "Haya yote mwenyewe kakiri. Tunaendelea na nini hapo?" Sehemu ya pili haikufunguliwa. Mwenzangu mmoja akauliza, "Katibu, una la kuongeza?"

Nikasema, "Sina, mwenyekiti."

Ndivyo nilivyosema, Mwalimu. Nilikuwa na kurasa sita mkononi.

Mwezi mmoja baadaye, kwenye meza hiyohiyo, tulijadili setilaiti itakayotengenezwa ng'ambo. Mwenyekiti akalalamika kwamba wahandisi wote wa mradi ni wageni. "Kwa nini sisi hatuna wataalamu?" Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nikaandika kwenye muhtasari: wajumbe walisikitika.

Nami nikwambie lililo langu. Miaka mitatu niko hapa, sijawahi kugusa setilaiti. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao. Mama yangu anawaambia watu wa Kirumba kwamba mwanawe anatengeneza mitambo ya kwenda angani. Sijamsahihisha hata siku moja. Nilimkwepa Teodora kwa sababu alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Kaka, leo tutafanya nini?"

Habari za Mzee Gosbert zilinikuta mwezi wa sita. Nilikuandikia "usimhukumu haraka," nikajiona nimemtetea.

Sijui niombe nini.

Farouk


Mwanza,
8 Oktoba 2024

Farouk,

Msamaha wako sina pa kuuweka sasa hivi. Nimechoka.

Fanya mambo mawili. Mwandikie Gosbert, Posta ya Muleba, umwambie kwa mkono wako kwamba ni wewe. Halafu zile kurasa sita ulizokaa nazo mkononi, zipeleke kwenye baraza la ithibati kwa jina lako, na ueleze kwamba hazikusomwa. Watoto hawa wamebakiza mwaka mmoja.

Ukishafanya, ndipo uniandikie. Kabla ya hapo usiniandikie.

B. R.


Muleba,
2 Desemba 2024

Kwa Mwalimu Bernadetta,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima. Mvua zimekuja vizuri, migomba imenyanyuka. Mgongo ndio unasumbua.

Kijana Farouk ameniandikia kurasa nne. Ameeleza yote. Barua yake nimempa mke wangu akaisoma kwa sauti, maana alikuwa haamini kwamba sikufanya jambo. Tangu nirudi alikuwa akinitazama kwa jicho la kuniuliza. Sasa ameacha. Kijana nimemjibu.

Lakini Mwalimu, kijana hakunisema mbele ya watoto. Aliyenisema ni wewe. Amesema umejua tangu mwezi wa tisa. Leo ni Desemba. Nimekwenda posta mara tano.

Ni hilo tu.

Gosbert, fundi


Dodoma,
14 Februari 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nimefanya yote mawili, ndiyo maana nakuandikia.

Mzee Gosbert alinijibu mistari mitatu. Sitakunukulia; nimejifunza kutonukuu barua za watu.

Kurasa sita nilizipeleka kwenye baraza tarehe 21 Oktoba, na barua ya kurasa mbili juu yake. Novemba niliitwa nikahojiwa. Waliniuliza kwa nini sikusema kikaoni. Nikawaambia niliogopa kazi. Mama mmoja wa baraza, mtu mzima, akasema, "Angalau hilo umelijibu."

Matokeo yatakuwa yamekufikia: kumi na mmoja wataimaliza shahada yao na watapewa vyeti vyake. Wanne waliokuwa mwaka wa kwanza wanahamia umeme. Wapya hawapokelewi. Mapendekezo mengine "yamepokelewa kwa ajili ya kufanyiwa kazi." Maneno hayo nimeyaandika mimi mara nyingi, najua uzito wake.

Nimehamishiwa masjala. Si adhabu, wamesema, ni mzunguko wa kawaida wa watumishi. Nakaa chini kwenye makabati yale aliyoyapanga Teodora. Kayapanga vizuri.

Mwezi wa kwanza nilikwenda nyumbani siku mbili, nikamweleza mama kazi yangu ni ipi. Akauliza, "Sasa hayo ya angani anayafanya nani?" Nikamwambia sijui, mama, wageni. Akasema, "Basi niwaambieje watu?" Chuoni sikuthubutu kupita.

Farouk


Mwanza,
7 Julai 2025

Mwanangu Farouk,

Nimechelewa kukujibu. Kwanza nilikuwa sitaki, baadaye nikawa sina nafasi. Mwenzangu aliondoka mwezi wa pili, nikabaki kufundisha masomo saba peke yangu. Sauti ilikauka, nikawa naandika ubaoni na Teodora anasoma kwa sauti.

Wamemaliza Ijumaa. Wawili walishindwa kurudi mwaka ulipoanza, mmoja ada, mmoja alikata tamaa ile barua ya kuifuta shahada ilipotoka. Waliofanya mtihani wa mwisho ni tisa. Mtihani ulipokwisha hakuna aliyeshangilia. Walikaa tu na kalamu zao, mpaka Chenge akauliza, "Mwalimu, sasa tutoke?" Nikasema tokeni. Kibao cha idara nimekishusha mwenyewe kwa bisibisi, kabla hawajatuma mtu. Oktoba nitafundisha hesabu za mwaka wa kwanza kwa watu wa umeme. Nina miaka miwili kabla ya kustaafu, na hesabu hazihitaji maabara.

Teodora amepata kazi kwenye shirika moja la uvuvi, atachora ramani za ziwa. Setilaiti hatatengeneza. Mama yake alivuka kwa daraja jipya la Kigongo kuja kumchukua. Nilimwambia mwanawe ni hodari, akasema, "Najua, ila hodari wa kitu gani sielewi."

Sasa la Gosbert. Ile barua yake ya Desemba niliiweka kwenye mkoba miezi minne. Nilikutuma wewe uombe msamaha, mimi mwenyewe nikakaa. Aprili nikapanda basi mpaka Muleba bila kumwarifu. Nilimkuta anatengeneza baiskeli ya jirani. Sikungoja anikaribishe. Nikasema nimekuja kwa ajili ya maneno niliyosema siku ile, kwamba yalikuwa ya uongo na ya dharau, na kwamba niliyasema mbele ya watu nami niko tayari kuyafuta mbele ya watu. Akaendelea kukaza nati. Mkewe akatoka, wakaja majirani wawili, nikarudia mbele yao.

Gosbert akasema, "Nimesikia, Mwalimu."

Nikauliza, "Umenisamehe?"

"Bado. Lakini huwezi kurudi Mwanza na njaa. Ingia ndani."

Nikaingia, nikala. Alinisindikiza mpaka barabarani akabeba mkoba wangu, akasimama mpaka basi likaja.

Mahafali ni mwezi wa kumi na mbili, tarehe nitakuarifu. Watoto wameomba uje. Nimewaambia uliyoyafanya yote, la kwanza na la pili, na bado wameomba. Njoo. Sijakusamehe, Farouk, wala usije ukidhani nimekusamehe. Lakini Dodoma ni mbali, utafika umechoka. Usipitilize kwa mama yako kabla ya kupita kwangu. Nitakuwa nimepika ndizi.

Mwalimu wako,
Bernadetta